Nyuzi za Damu ya Kinyozi

Kazi ya Mama Kondoo ilikuwa kutikisa damu. Mtu akimuuliza unafanya kazi gani na yeye akajibu hivyo, yule mtu hurudi nyuma kidogo, akadhani ameingia katika mambo ya uganga. Kumbe ilikuwa kazi ya hospitali kama kazi nyingine, yenye aproni na mabuti meupe ya mpira.

Nyuma ya hospitali, ukipita dobi na jenereta, palikuwa na banda la kondoo. Kondoo wale hawakuwa wa kuchinjwa wala wa kuuzwa. Kila mmoja kwa zamu yake alitolewa damu kidogo shingoni, nayo ikapelekwa maabara kulishia vijidudu kwenye visahani, ili wataalamu wajue kooni mwa mgonjwa fulani mmeota nini. Damu ya kazi hiyo haitakiwi kuganda. Kwa hiyo Mama Kondoo aliikinga katika chupa yenye shanga za kioo, na ikishaingia tu akaanza kuizungusha, polepole, bila kupumzika, kama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala. Mwanzoni shanga zinalia, zinagongana kwa furaha. Baadaye sauti inakuwa nzito. Halafu zinanyamaza kabisa. Hapo ndipo anapojua kwamba nyuzi zimetoka ndani ya damu na kuzikamata shanga zote pamoja, bonge moja linalonata, limekakamaa kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye uji. Bonge analitupa. Damu inayobaki ni nyepesi, inateleza ndani ya chupa, na ukiiweka kwenye friji utaikuta kesho na keshokutwa vilevile ulivyoiacha.

Masharti ya kazi yalikuwa haya: ukianza kutikisa, usiache. Ukiiweka chupa chini kabla ya wakati, nyuzi zitasambaa humo ndani zinavyotaka, na damu yako yote itakuwa kama ini. Mama Kondoo hakuwahi kuacha. Aliwahi kupiga chafya, kuumwa na siafu na kuletewa habari kwamba amepata mjukuu wa kike, yote hayo akitikisa.

Mumewe alikuwa kinyozi, na jina lake kwa watu wote, hata wakwe zake, lilikuwa Kinyozi. Alikuwa na chumba cha mbele ya nyumba yao kinachotazama barabara, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la watu wasiokuja kunyolewa bali kuzungumza. Alisimama kwenye sakafu ile tangu ujana wake, sigara ikiwa mdomoni au nyuma ya sikio. Siku moja alipokuwa katikati ya kichwa cha mtu, mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi. Alifikiri ni wa kuusugua tu. Akamaliza upande wa pili wa kichwa, maana hangeweza kumwacha mtu nusu. Alipoketi na kuvua kiatu, mguu ulikuwa mweupe na wa baridi, kama mguu ulioazimwa kwa mtu mwingine.

Walimpasua siku ileile wakatoa donge la damu kwenye mshipa wa paja, ule unaoshusha damu kutoka moyoni. Mguu ukapona, shukrani kwa Mungu, ukarudiwa na rangi na joto lake. Lakini daktari wa mishipa hakuwaficha kitu. Alisema ukuta wa mshipa ule umechubuka kwa ndani, na donge jingine linaweza kujijenga palepale. Likija la pili, mguu unaweza kukatwa, na kuna watu ambao mambo hayakuishia kwenye mguu. Akampa vidonge vya waridi vya kuzuia damu isigande ovyo, kimoja kila jioni, na tarehe za kuja kupimwa. Kinyozi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsikiliza mtu asiyeketi kwenye kiti chake, aligeuka mtoto wa shule. Sigara aliitupa. Kidonge alikikingia mkono kabla hata hakijatolewa.

Vidonge vilikaa kwa mkewe, kwenye kopo la majani ya chai lililokwisha, kwa sababu Kinyozi alikuwa na kumbukumbu ya habari za watu tu, za kwake zikimpita.

Walipoenda kupima mara ya kwanza, daktari aliangalia karatasi akasema, "Bado inaganda haraka kuliko tunavyotaka. Dawa hii haina haraka, mama. Tuipe muda, tutampima tena, ikibidi tutaongeza kidogo."

Kinyozi alisikia tuipe muda. Mkewe alisikia bado inaganda haraka.

Maneno hayo alirudi nayo bandani. Alitikisa chupa yake, shanga zikalia, zikanyamaza, akalitazama lile bonge la nyuzi kwa macho mapya. Kumbe adui mwenyewe ndiye huyu, alijiambia. Miaka yote hii ninamshika mkononi na kumtupa, na kumbe ndiye aliyemlaza mume wangu. Akaitazama na damu iliyobaki, jinsi ilivyokuwa laini, jinsi isivyomsumbua mtu. Damu kama hiyo, alifikiri, itapita kwenye mshipa uliochubuka bila hata kugeuka kuangalia. Laiti angeweza kumtia mzee wake shanga akamtikisa kidogo.

Shanga hakuweza. Kidonge aliweza.

Jioni ile alimpa Kinyozi kidonge chake mkononi kama kawaida, na cha pili akakisaga kwa mgongo wa kijiko akakichanganya kwenye uji. Kumwambia hakutaka, kwa sababu alimjua: daktari amesema kimoja, basi angekataa cha pili na kuanza hotuba. Alijipa moyo kwamba ni mpaka siku ya kupimwa tu. Daktari angeangalia karatasi yake, angetabasamu, na yeye angekaa kimya na furaha yake. Kesho yake akafanya hivyohivyo, na keshokutwa. Mkono ulizoea.

Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa doa la samawati kwenye mkono wa Kinyozi, mahali alipojiegemeza kwenye kiti cha kazi.

"Umenipiga usingizini?" alimuuliza mkewe.

"Ningekupiga ungejua. Ningeanzia kichwani."

"Hapo ungeumia wewe. Kichwa hiki kigumu."

Walicheka. Moyoni Mama Kondoo alifurahi kuliko kicheko chenyewe. Damu imelainika, alijiambia, inatembea mpaka chini ya ngozi.

Halafu mswaki wa Kinyozi ukaanza kutoka na rangi nyekundu. Alitema, akatazama sinki, akajikagua kwenye kioo cha kazini huku watu wa benchi wakimpa kila mmoja ushauri wake. Mwishowe alipata mkosaji: gego lake la nyuma, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa linacheza.

"Huyu ndiye mwizi," alisema, akilisukuma kwa ulimi. "Ananikojolea damu mdomoni. Namng'oa."

"Si ukae nalo tu? Halikuumi."

"Mke wangu, mimi ni kinyozi. Kitu kisichotakiwa kichwani kwa mtu nakiondoa."

Na kwa kuwa siku hizi alikuwa mtu wa masharti, hakwenda kichwa kichwa. Alimpigia simu daktari wa mishipa akamweleza. Daktari akaangalia kipimo cha mwisho akasema kwa kiwango kile na kwa kidonge kimoja kwa siku jino moja si tatizo, ila amweleze daktari wa meno mapema, naye atakandamiza pamba vizuri. Kinyozi alimsimulia mkewe hayo yote akiwa amejaa fahari, kama aliyefaulu mtihani.

Mama Kondoo alikuwa anaosha sufuria. Neno lilimjia mpaka mdomoni, akalimeza. Alijiambia, damu laini itatoka kidogo, na ikitoka hubonyezwa. Yeye mwenyewe ni shahidi. Kila kondoo aliyemtoa damu alimbonyeza kwa kidole gumba, akahesabu pumzi zake chache, akaachia, basi, pameziba. Kidole ndicho dawa. Na daktari wa meno ana vidole.

Asubuhi ya kung'oa jino, Kinyozi alijinyoa ndevu ili asiende kwa watu wa meno kama mtu wa porini. Wembe ulimgusa chini ya sikio. Mtu ambaye hakuwahi kumkata mteja alijitazama kwenye kioo akiwa ameshangaa.

"Wembe umenichoka," alisema. Akabandika kipande cha karatasi, kikalowa, akabandika kingine. Mkewe aliyaona hayo akiwa mlangoni anavaa mabuti, lakini alikuwa amechelewa. Aliichukua simu ya mzee juu ya meza, kwa sababu yake haikuwa na chaji na mkuu wa maabara alikuwa na tabia ya kupiga, akaondoka.

Zamu ilikuwa ya Mnuno. Huyu alikuwa kondoo mzee, mwenye uso wa mtu aliyenyimwa urithi, lakini akishikwa kidevu alitulia. Mama Kondoo alimtoa damu, akachomoa sindano, akabonyeza kwa gumba la kushoto huku mkono wa kulia umeshaanza kuzungusha chupa. Mkuu wa maabara aliingia wakati huo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani kwenye kamba, wa umri wa binti yake wa kwanza, naye alimheshimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunihesabia shanga?"

"Nimekuja kuchukua damu yangu, visahani vinanisubiri. Mwachie tu huyo, mama, pameshaziba."

Mama Kondoo aliinua gumba. Kweli, kwenye ngozi palikuwa na nukta ndogo nyeusi, kavu.

"Gumba langu halijazeeka," alisema.

Mkuu wa maabara alicheka. "Gumba linasaidia tu, linaizuia isikimbie. Wanaoziba ni hao ulio nao kwenye chupa."

"Kina nani?"

"Nyuzi. Hizo unazozitoa kila siku ukazitupa. Kondoo akichomwa sindano zinajisuka pale kwenye tundu, zinaliziba. Ungemtikisa Mnuno kama unavyotikisa chupa hiyo ukazimaliza zote, ungebonyeza mpaka jioni."

Shanga zilikuwa zinalia. Mama Kondoo aliendelea kuzungusha mkono, lakini sura yake ilikuwa imebadilika.

"Na mtu," alisema. "Mtu akiwa hanazo?"

"Mtu ni hivyohivyo. Akikwaruzika anatoka damu. Akibrashi meno inatoka. Akigongwa kidogo anavia damu. Na ukimkata sasa..."

"Ukimng'oa jino?"

"Usiombe, mama. Shimo la jino si mchezo."

Mama Kondoo akaiweka chupa chini.

Aliiweka juu ya pipa la chakula, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Mkuu wa maabara alisema, "Mama, unaacha?" kisha akairukia ile chupa akaanza kuitikisa mwenyewe, lakini hakuwa na mkono wa kazi ile, na mwenye mkono alikuwa ameshatoka. Alikuwa anapita kwenye jenereta na aproni yake na mabuti, anabonyeza kwenye simu namba ya mumewe aliyoijua kwa moyo. Simu ya kiganjani mwake ikamwambia kwamba namba anayopiga inatumika. Alisimama. Alikuwa anaipigia simu ya Kinyozi kwa simu ya Kinyozi.

Siku nyingine angecheka mpaka aketi chini.

Kliniki ya meno ilikuwa ng'ambo ya barabara mbili, juu ya duka la rangi. Mwanamke wa umri wake hakimbii. Alitembea kwa namna ambayo watu walimpisha. Mabuti yalimpiga kwenye visigino. Njiani hakuomba dua ndefu, hakuwa na pumzi yake. Alichokuwa anakiona mbele ya macho ni kile kipande cha karatasi chini ya sikio, na cha pili, na jinsi yeye alivyofunga mlango.

Ngazi zilikuwa nyembamba. Juu palikuwa na dada wa mapokezi, naye alipoona aproni yenye matone mekundu aliinuka.

"Mama, umeumia wapi?"

"Si yangu. Ni ya kondoo. Kinyozi yuko wapi?"

"Ya kondoo?"

"Mwanangu, nitakueleza mpaka uchoke, lakini siyo sasa. Mzee mwenye karatasi hapa chini ya sikio. Ameshaingia?"

Dada alitazama mlango uliokuwa umefungwa, na kutazama kwake kulitosha. Mama Kondoo aliufungua.

Kinyozi alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kuzunguka kizuri kuliko chake, taa usoni, kitambaa kifuani. Daktari wa meno, baba mfupi mwenye mikono minene, alikuwa amesimama na koleo mkononi, lakini hakuwa ameliingiza mdomoni. Alikuwa anaangalia kipande cha pamba.

"Usimng'oe," alisema Mama Kondoo.

Wote wawili walimgeukia. Kinyozi, ambaye nusu ya uso ilikuwa imelala kwa sindano ya ganzi, alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Daktari, usimng'oe. Dawa yake ya damu si kidonge kimoja. Ni viwili. Nimekuwa nikimtilia cha pili kwenye uji."

Mashine ilikuwa bado inanyonya mate ya Kinyozi.

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

Akamwambia. Alisema yote, hata ule mgongo wa kijiko. Macho hakuyatoa kwa daktari, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na macho mengine.

Daktari aliweka koleo kwenye trei. "Nilimchoma ganzi tu," alisema, "na hapo pa sindano tu pamekataa kukauka. Nilikuwa najiuliza." Akainua mgongo wa kiti, Kinyozi akawa ameketi. "Mzee, leo jino lako litabaki. Utakwenda hospitali sasa hivi, na utakwenda na pamba yangu mdomoni, uing'ate. Usiongee."

Lile la mwisho lilikuwa gumu kwa Kinyozi kuliko ganzi. Lakini aliing'ata pamba. Walipokuwa wanashuka ngazi, mkewe alimpa bega, naye akalichukua, kwa kuwa mguu wa kushoto haukuwa umepata nguvu zake zote. Mkono wake begani ulikuwa mzito.

Hospitali walimpima, na karatasi ilipokuja muuguzi aliisoma kisha akaisoma tena. Wakamchoma sindano ya vitamini ya kurudisha nguvu ya kuganda. Wakamlaza, kitanda cha dirishani, wakamwangalia macho, wakamuuliza kichwa kinauma au hakiumi, wakatazama mkojo wake. Kinyozi aligeukia ukutani. Pamba ilikuwa imetolewa, anaweza kusema akitaka, na hakutaka. Katika ndoa yao yote, kwa magomvi yao yote, kitu kimoja ambacho Mama Kondoo hakuwahi kupewa na mume huyu ni ukimya. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na aproni yake imekunjwa mapajani, akasubiri kama anavyosubiri kondoo mkaidi: bila kuvuta.

Daktari wa mishipa alikuja. Hakupiga kelele. Alivuta kiti kingine, akaketi mahali ambapo mgonjwa na mkewe wote wangemsikia.

"Niambie ulichokuwa unafikiri, mama."

"Nilifikiri nyuzi ndizo adui. Nilitaka nizimalize."

"Ungezimaliza, angefia mswakini." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwambia mwingine njia imefungwa. "Damu ina protini zake, na nyingi kati ya hizi tunazozungumzia hutengenezwa na ini. Zinaelea humo zimetulia, hazina ugomvi na mtu. Mshipa ukipata jeraha, ukuta uliochanika unaziamsha. Ya kwanza inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha nyingine, mpaka inafikia ile inayogeuka kuwa uzi. Nyuzi zinasukana kama wavu, wavu unanasa chembe za damu, tundu linazibika. Bila hivyo sote tungekwisha siku ya kwanza kujikata."

"Sasa mbona zilimwangusha yeye?"

"Kwa sababu mshipa wake wa paja umechubuka kwa ndani. Sigara, umri, mafuta yaliyoganda ukutani. Damu inapopita pale inakuta jeraha. Haijui kwamba hili halimwagi kitu nje. Inaliziba tu, ndiyo kazi yake, inaziba na kuziba mpaka inafunga njia yenyewe."

Mama Kondoo alifikiri. "Kwa hiyo damu haikuwa na nia mbaya."

"Haina nia yoyote, mama. Lakini kama ingekuwa nayo, ilikuwa inajaribu kumtengeneza." Daktari akasugua macho. "Kidonge hakiziondoi nyuzi. Kinalifanya ini litengeneze zile protini pungufu kidogo, zisiwe nyingi za kuziba mshipa, zisiwe chache za kushindwa kuziba kidonda. Nafasi katikati ni nyembamba. Ndiyo maana nampima, na ndiyo maana nilisema tuipe muda. Lakini nilisema haraka haraka na sikuwauliza mmeelewa nini. Hilo ni langu."

Alipoondoka, Mama Kondoo alibaki anatazama mgongo wa mumewe, shuka lililopanda na kushuka. Alisema, kwa mgongo ule, "Niliogopa mguu wako. Usiku nilikuwa nikiugusa kuona kama una joto. Wewe ulikuwa unalala."

Aliikunja upya aproni iliyokuwa mapajani.

"Nisamehe, mzee wangu. Si kwa kidonge tu. Kwa kukuficha."

Mfanyakazi akapita na kigari cha chai, akawawekea vikombe viwili. Kinyozi aligeuka kwa sababu ya chai. Aliinua kikombe chake, akakichungulia ndani kwa muda mrefu, akakitikisa kidogo, akakichungulia tena.

"Kuna kitu humu?" aliuliza.

"Hakuna."

"Kunywa kwanza wewe."

Alikunywa. Kinyozi alimwangalia koo lake likimeza, ndipo akachukua kikombe akanywa na yeye. Midomo yake ilikuwa bado imepinda kidogo upande wa ganzi, chai ikamdondoka kidevuni, mkewe akanyoosha mkono kumfuta kisha akasita. Yeye ndiye aliyeusogeza uso.

"Nilikuwa sisikilizi," alisema. "Lakini ukuta unarudisha sauti. Nimesikia alivyosema kuhusu damu yangu."

"Ehe."

"Nikajiambia, basi mimi nimeoa damu yangu mwenyewe. Anaona mchubuko mdogo, hamuulizi mtu, anaziba mpaka anafunga barabara."

Mama Kondoo alicheka kabla hajajua anacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akajifuta kwa aproni ya kondoo.

"Usilie hapa," alisema Kinyozi. "Watadhani nimekufa, na kitanda hiki kina foleni."

Siku aliporuhusiwa, mkuu wa maabara aliwapitia mlangoni. Alisema damu ya Mnuno iligeuka ini zima, chupa ikabidi itupwe na shanga zake, na visahani vya siku ile vilichelewa. Kisha akasema, "Mnuno hakukasirika zaidi ya kawaida yake. Rudi ukiwa tayari, mama."

Nyumbani kopo la vidonge lilihamia kwa Kinyozi, kwenye rafu ya kioo chake cha kazini, mbele ya macho ya benchi zima. Kila jioni alimeza kidonge chake mwenyewe mbele ya mkewe, akafungua mdomo na kunyanyua ulimi ili aone, kama kondoo anayekaguliwa meno. Lile gego lilibaki palepale. Lilikuwa halina kosa. Daktari akapunguza, akapandisha kidogo, akapima, na mwishowe akasema hapo, hapo ndipo, tusiguse. Doa la mkono likawa la kijani, likawa la njano, likaondoka. Mguu ulikuwa na joto; siku hizi Mama Kondoo aliuliza kwanza ndipo akaugusa.

Asubuhi moja Kinyozi alikuwa anajinyoa na wembe ukamgusa tena, palepale chini ya sikio. Alitazama kwenye kioo tone likijikusanya. Hakuchukua karatasi. Alimwita mkewe aliyekuwa mlangoni, mguu mmoja umeshaingia kwenye buti.

"Njoo ufanye kazi yako."

Alikuja akichechemea na buti moja. Akaweka gumba chini ya sikio la mumewe, akabonyeza. Walisimama hivyo mbele ya kioo kilichopasuka, yeye akipumua taratibu, Kinyozi akiwa ametulia na povu upande mmoja wa uso. Mtu wa kwanza wa benchi alifika, akawaona, akarudi kusubiri nje.

"Kwa kondoo ungekuwa umeshaachia," alisema Kinyozi.

"Wewe si kondoo. Subiri. Zako ni chache, zipe nafasi zijisuke."

Akasubiri, akazidi kusubiri. Alikuwa amechelewa kazini na hakujali. Kisha akainua gumba polepole, na wote wawili wakasogeza nyuso zao karibu na kioo kuangalia.

Palikuwa na nukta ndogo nyeusi, kavu.